Kisanduku Kisicho na Kitufe

Saida,

Juzi ulipokuwa unakunja nguo kitandani uliniuliza, bila kuninyanyulia macho, "Mama, nikishapata chumba Mwanza nataka strima yangu. Nichukue ya namna gani?" Nikakwambia nitakuandikia. Ulicheka kidogo, kwa sababu unajua mama yako akiulizwa saa ngapi anajibu kwa makala. Lakini sikuchelewesha jibu kwa ajili ya mbwembwe. Nilishindwa kulitoa mdomoni. Tangu msiba wa Mwajuma, hakuna mtu ndani ya nyumba hii aliyekitaja kile kisanduku cha muziki kilichoko sebuleni, na wewe ukakitaja kama mtu anayeulizia nyanya sokoni. Nimewaza sana kama ulikuwa unanichoma au unanifungulia mlango. Nimeamua kuamini la pili, ingawa la kwanza ndilo ninalostahili.

Sasa hivi umekwenda Utende kumuaga shangazi yako, na kesho asubuhi una boti ya Nyamisati. Mambo ya sweta, ya nani atakupokea stendi, ya kutokula vyakula vya njiani, siyaandiki. Una akili ya safari kuliko mimi. Nitajibu swali lako tu, na jibu lake haliwezi kuwa fupi.

Unakumbuka tulivyokinunua. CD pleya ya marehemu baba yako ilikuwa imekufa, imebaki amplifaya yake yenye lile duara kubwa la sauti, na spika zake mbili ndefu ambazo alikuwa anazifuta vumbi kwa shati lake la zamani. Nyumba ilikuwa kimya, nami nikaamua tuingie zama mpya. Nikasoma. Unajua ninavyosoma nikishaamua jambo: nikajifunza kwamba strima ni kifaa kinachovuta muziki kutoka mtandaoni na kuupeleka kwenye amplifaya, kwamba ndani yake mna chipu inayogeuza namba kuwa sauti, na kwamba kuna wanaume wazima, wenye wake na watoto, wanaokesha kwenye magrupu wakitukanana kuhusu chipu hiyo. Nikajiunga nao. Nilikuwa mwanamke peke yangu mle ndani na nilikuwa natukana vizuri kuliko wote. Yupo mmoja aliyethubutu kuandika kwamba masikio ya watu wa visiwani yamezoea mawimbi, hayawezi kutofautisha sauti. Nilimjibu kwa aya ambazo nadhani bado zinamuuma. Nilifurahi wiki nzima.

Na hilo ndilo kosa langu la kwanza, Saida. Nilichagua chombo cha nyumbani kwetu kwa ajili ya kushinda ubishi na watu nisiowajua.

Pale dukani Kariakoo vilikuwa vifaa viwili mbele yetu. Wewe ulikishika kile cha kawaida, chenye kioo kidogo, kitufe cha kuwashia mbele, tundu la flashi pembeni. Ulisema tukichukue hicho, tukiunganishe na amplifaya ya baba, yatosha. Mimi nilikuwa nimeshakitolea macho kile kingine, cheusi, laini kama sabuni, kilichokuwa na amplifaya yake humo humo ndani. Hakikuwa na kitufe hata kimoja.

"Kinawashwaje?" ukauliza.

"Kwa simu, dada," kijana wa dukani akajibu. "Kila kitu kwa simu. Popote ulipo."

"Na kinazimwaje?"

"Hiki hakizimwi. Kinalala tu."

"Mama, mtu akija nyumbani na hana simu yako?"

Nikakwambia mbele ya yule kijana kwamba una mawazo ya mtu wa kandili. Nikasema sitaki mashine inayoniomba ninyanyuke kitini. Kijana akacheka, akasema, "Mama anajua teknolojia, dada, mwache." Nikaona fahari. Ukakirudisha kile chako kwenye shelfu, ukakifuta alama za vidole kwa mtandio wako. Sijui kwa nini nakumbuka ule mtandio.

Tuliporudi nikaipandisha amplifaya ya baba yako juu ya kabati. Nikabandika karatasi kwenye soketi, USIZIME, kwa sababu wale wanaume walikuwa wameandika kwamba mashine nzuri ikizimwa ukutani sauti yake inapooza. Ukaniomba nikuwekee programu ile kwenye simu yako. Nikakataa. Nilisema utanichanganyia nyimbo, kisanduku kitaanza kunipendekezea za kwako. Kwa hiyo nyumba yenye watu wawili ilikuwa na chombo kinachomtii mmoja, na huyo mmoja ndiye anayeandika magazetini dhidi ya wakubwa wasiotaka kugawana madaraka.

Sasa nitakwenda kwenye siku yenyewe. Unaijua kutokea upande wako. Upande wangu sijawahi kukusimulia.

Nilikuwa Dar, kwa mwalimu mwenzangu Rukia. Asubuhi ile ulinitumia ujumbe kwamba mke wa Hamadi, mtoto wa jirani yetu Bi Pili, amefariki, atazikwa baada ya adhuhuri. Sikuufungua. Niliiona alama ya ujumbe wako, nikaiacha, kwa sababu nilikuwa kwenye grupu namnyoosha mtu aliyeipinga makala yangu. Nataka ulielewe hili jinsi lilivyo: ujumbe wa mwanangu niliuona, nikachagua ugomvi.

Jioni Rukia akanitania. "Shoga, kisanduku chako kiko Mafia, bahari yote ile katikati. Hapa hapa ulipo utakipigaje?"

"Kwa kidole," nikamwambia.

"Muongo."

Nikafungua simu. Rukia akasema nipige ule wimbo tunaoupenda wa mipasho, ule wa mwanamke anayemwambia mwenzake kwamba kiti alichokalia hakikuwa chake na sasa kimemwangusha. Nikaubonyeza. Nikavuta sauti mpaka mwisho wa mstari. Simu ikaonyesha kwamba wimbo unapigwa.

"Na nani anasikia sasa?" Rukia akauliza.

"Majirani," nikasema.

Tukacheka, Saida. Tulicheka mpaka Rukia akajifuta machozi.

Wakati huo uchochoro mmoja tu kutoka dirishani kwetu, wanawake wa Kilindoni walikuwa wamekaa kwa Bi Pili na juzuu mikononi, wanamsomea mkwe wake aliyetoka kuzikwa. Redio zote za mtaa zilikuwa zimezimwa, hata ya fundi cherehani. Wewe ulikuwa umetoka kati yao ukaja nyumbani kuchukua lile sufuria letu kubwa la kupikia msibani, kwa hiyo kila mtu aliyekuwa uani alikuona unaingia kwetu. Kisha wimbo ukalipuka.

Huhitaji nikueleze. Ila naandika ili nisikwepe. Huku kwetu wimbo wa mipasho ukipigwa kwa sauti kuelekea dirisha la mtu, una mwenyewe. Haupigwi bahati mbaya. Na watu wote wanajua kwamba Bi Pili alileta posa ya Hamadi kwako, kisha akaivunja, akaenda kumwoza Hamadi kwa Mwajuma. Hivyo walichosikia wanawake wale ni msichana aliyeachwa anamcheka maiti.

Ulikitafuta kitufe. Uliniambia baadaye, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ulikipapasa kila upande kama kipofu anayetafuta mlango. Ukanipigia simu. Niliona jina lako, nikamwambia Rukia, "Unaona? Anapiga kuniambia nipunguze." Sikupokea. Wimbo ukaisha, ukaanza wa pili wa namna ile ile. Ndipo ulipozing'oa nyaya za spika kwa mikono. Ukatoka nje na sufuria, na hakuna aliyelipokea.

Ujumbe wako niliufungua nikiwa kitandani kwa Rukia. Nilikaa nao mpaka asubuhi.

Niliporudi, dereva wa bodaboda aliyenitoa uwanja wa ndege aliniamkia, "Shikamoo Mwalimu," nikaitika marahaba. Tulipofika kona ya soko akasema, "Mwalimu, binti yako amefanya jambo. Watu wamechukia." Nilikuwa na njia nzima ya kumjibu. Niliangalia migongo ya watu barabarani.

Na nilipoingia ndani, kabla sijakutafuta ulipo, nilipiga magoti nikaangalia kama matundu ya nyaya yameharibika. Uliniona. Ulikuwa umesimama kwenye mlango wa jikoni. Ukasema, "Yako salama, mama."

Kisha tukaenda kwa Bi Pili kutoa pole. Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli. Naapa nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa nimezipanga hata sentensi. Wanawake walikuwa wamejaa mkekani. Nikampa Bi Pili mkono, akaupokea, akasema kwa upole ambao sikuutegemea:

"Mwalimu, mimi na wewe hatuna neno. Neno langu ni kwa mwanao. Na linaloniuma zaidi ni kwamba anakusingizia. Anasema eti uliyepiga ni wewe, toka Dar."

Mwanamke mmoja akasema, "Labda Mwalimu ana majini." Wengine wakacheka kwa pua.

Hapo, Saida. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Walichohitaji ni neno moja. Mimi ninayeandika kila mwezi kwamba jamii yetu ikipoteza sindano inamsachi msichana. Mimi niliyewaita wanaume wa baraza zima waoga kwa majina yao. Niliwatazama wanawake wale nikaona ninavyowahitaji waendelee kuniona nilivyokuwa. Nikaona nikisema "ni mimi," watauliza nilikuwa nafanya nini Dar siku jirani yangu anazikwa, nami nitajibu nilikuwa nacheka.

Nikasema, "Nitazungumza naye."

Halafu, kwa kuwa sijui kunyamaza hata pale ninapojidhalilisha, nikaongeza, "Mnisamehe. Malezi ya siku hizi yametushinda."

Ulikuwa nyuma yangu na sinia la kahawa. Sikugeuka. Nilisikia vikombe vinagongana kidogo, basi.

Nyumbani nilianza kueleza. Nilisema tusubiri hasira zipoe, nikasema wasingeelewa mambo ya mtandao, nikasema mengi. Ukanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha ukaniuliza, "Mama, umekula?"

Mwanangu, katika ubishi wote niliowahi kuingia, sijawahi kushindwa namna ile.

Najua yaliyofuata kwa sababu niliyaona, si kwa sababu uliniambia. Kwenye harusi ya binti wa mwenyekiti ulikaa kwenye mkeka na mkeka ukawa na nafasi. Wale watu wa Baleni waliokuwa wanakuja kukuulizia kwa ajili ya posa wakaacha kuja. Watoto wakawa wanapita dirishani wanaimba kile kiitikio. Na mwezi ule ule nikaandika makala kuhusu wasichana wanaobebeshwa lawama zisizo zao. Watu wa bara waliisambaza, wengine walinipigia simu kunipongeza. Nilikupa uisome, kwa mazoea, kama ninavyokupa zote. Ukaisoma yote umesimama. Ukanirudishia simu. "Makala nzuri, mama."

Tangu siku ile sijaandika kitu. Watu wanadhani nimechoka.

Basi jibu la swali lako ni hili. Usimsikilize anayekwambia uanze na chipu. Chipu zote za leo zinatosha masikio ya binadamu, na anayebisha mlete kwangu, nitarudi kazini kwa ajili yake. Angalia kwanza kama kitakubali muziki wako mwenyewe uliouhifadhi, kwa sababu bando litaisha na mtandao utakatika, huko Mwanza kama huku. Angalia kama kampuni yake ina tabia ya kuendelea kukihudumia kifaa baada ya kukiuza, maana vingine vinageuka tofali programu ikibadilika. Chukua amplifaya ya baba yako. Nimeishusha kabatini, nimeifuta, iko ndani ya boksi la mashuka karibu na mlango. Ina nguvu ya kutosha chumba, na ile sauti yake nzito ya chini hakuna kisanduku cheusi kitakachokupa.

Lakini juu ya yote, chukua kile chenye kitufe mbele. Kiwe kikubwa, kionekane. Mgeni akiwa chumbani kwako, mwenye nyumba, mtoto wa jirani, mtu asiyejua hata jina lako, aweze kukifikia na kukinyamazisha bila kukuomba ruhusa. Ulilijua hilo Kariakoo. Mimi ilinibidi nikuharibie jina ndipo nilijue.

Ningeweza kuishia hapo. Ingekuwa makala nzuri.

Leo adhuhuri, ulipoondoka kwenda Utende, nilirudisha nyaya za spika, mara ya kwanza tangu ulipozing'oa. Nikavuka uchochoro. Bi Pili alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwambia nikiwa bado nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaanza na utangulizi. Nikasema wimbo ule nilipiga mimi, toka Dar, na mtoto alisema kweli.

Hakuinua kichwa. "Unamsafisha kwa kuwa anaondoka," akasema. "Mama yeyote angefanya. Ningekuwa mimi ningefanya."

Fikiria, Saida. Nilikuwa nimekuja na ukweli nikapewa sifa ya kusema uongo wa kimama. Na nikawa nimeonja, kwa dakika zile, ulichokula wewe muda wote huu: kusema jambo kama lilivyotokea na kuonewa huruma.

Nikampa simu. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Nilichagua kaswida ya pole pole, na sauti ya chini. Akabonyeza kwa kidole chenye pumba za mchele. Kutoka dirishani kwetu, nyumba ikiwa imefungwa na ufunguo uko kiunoni mwangu, watoto wa kaswida wakaanza kuimba.

Bi Pili akaitazama simu. Akatazama dirisha. Akabonyeza tena, ikanyamaza. Akabonyeza, ikaimba. Kisha akaiweka simu juu ya mkeka, mbali na yeye kidogo.

"Kwa hiyo mtoto alisema kweli."

"Alisema kweli."

"Na wewe siku ile umekaa hapo, ulijua."

"Nilijua."

"Hamadi alitaka kwenda kumpiga. Unajua hilo? Mimi ndiye niliyemzuia, na nilimzuia kwa sababu yako. Nilisema Mwalimu ni mtu wa haki, atamshughulikia mwanawe."

Akaendelea na mchele wake. Nilidhani amemaliza na mimi, nikaanza kuondoka.

"Ulisema wapi kwamba malezi yamekushinda?" akauliza.

"Hapa kwako."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Basi na hili hulisemi sikioni mwangu. Boti ni saa ngapi kesho? Baada ya alfajiri nitawaita wote waliokuwepo. Nitawaita mimi mwenyewe, wakikuona wewe mlangoni watadhani unakuja na gazeti. Wewe lete mdomo tu."

Nikamuuliza kama amenisamehe. Akasema, "Mimi? Mimi nina deni langu kwa yule mtoto, sijui nitamtazamaje. Wewe usinijie na la kwako."

Hivyo ndivyo ilivyo. Kesho kabla ya boti watakuwa kwenye baraza la Bi Pili. Naogopa, sitakuficha. Nilivyorudi nyumbani nilijikuta tayari natunga hotuba, ina mwanzo, ina maadui, ina hata mahali pa kushusha pumzi. Nimeiacha. Nitasema kwamba nilipiga mimi, kwamba Saida alisema kweli, kwamba nilijua nikanyamaza. Wakiuliza nilikuwa nafanya nini Dar, nitawaambia nilikuwa nacheka.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako uikute ukirudi. Nakuomba jambo moja tu, nalo ni gumu kwa mtu wa tabia yako. Nikiwa nimesimama pale usije kunishika mkono. Usiseme "yameisha, mama." Usiniulize kama nimekula. Najua miguu yako itataka kuja. Ukiona heri upite moja kwa moja uende bandarini bila kutazama, pita, nitaelewa. Na kama utasimama, mwanangu, simama upande wao.

Mama yako